Jalada Gumu au Jalada Laini: Namna ya Kuchagua Mikusanyo ya Katuni

Mtu anayetafuta mkusanyo wa hadithi za katuni hukuta mara nyingi kwamba kazi ile ile imetolewa kwa sura mbili, moja ikiwa na jalada gumu na nyingine jalada laini linalopindika mkononi, huku bei zake zikiwa zimepishana sana. Wengi huamua papo hapo, ama kwa kutazama mfuko wao ama kwa kuvutiwa na uzuri wa jalada. Nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi, mpaka juzuu moja ya jalada gumu, niliyoinunua kwa gharama kubwa na kuisoma mara mbili tu, ilipoanza kuachia kurasa moja baada ya nyingine. Nilipoichunguza nikaona kwamba ndani ya jalada lile zuri hamkuwa na uzi hata mmoja, kwa kuwa karatasi zote zilikuwa zimeshikwa na gundi peke yake. Kwenye rafu hiyo hiyo palikuwa na kitabu cha jalada laini, cha zamani kuliko hicho, kilichosomwa na watu wengi zaidi, ambacho kilikuwa kimeshonwa na hakijapoteza ukurasa hata mmoja. Tangu hapo nauchunguza mgongo wa kitabu kabla ya jalada lake, na ndio utaratibu ninaoupendekeza kwa yeyote anayekusudia kununua.

Anza na mgongo

Kitabu huchapwa kwenye karatasi pana ambazo hukunjwa zikawa mafungu, na kila fungu mara nyingi huwa na kurasa 16 au 32. Katika kitabu kilichoshonwa, uzi hupitishwa katikati ya mkunjo wa kila fungu, kisha mafungu yote hufungamanishwa, na gundi ya mgongoni hubaki kuwa msaidizi tu. Katika kitabu cha gundi tupu, mikunjo hiyo hukatwa, mgongo hukwaruzwa ili gundi ipate pa kushika, na kila karatasi hubaki ikishikiliwa na gundi hiyo peke yake. Aina zote mbili zinaweza kuvikwa jalada gumu, na zote mbili zinaweza kuvikwa jalada laini. Ni kweli kwamba vitabu vya jalada gumu hushonwa mara nyingi zaidi kuliko vile vya jalada laini, lakini anayelipa zaidi akiamini kwamba ugumu wa jalada unathibitisha mshono anaweza kupata hasara kama niliyoipata mimi.

Kukagua hakuhitaji utaalamu. Shika kitabu kikiwa kimefungwa, kiinamishe mbele yako, na utazame upande wa juu wa mgongo pale karatasi zinapokutana na jalada. Kama kimetengenezwa kwa mafungu utaona matao madogo madogo yaliyopangana, kila tao likiwa mgongo wa fungu moja. Kama ni cha gundi tupu utaona mstari ulionyooka, kana kwamba karatasi zimekatwa kwa kisu, na kwa kweli ndivyo zilivyokatwa. Vitabu vingi vya jalada gumu vina utepe mdogo wa kitambaa uliobandikwa mahali hapo, nao huyaficha matao. Utepe huo siku hizi ni pambo tu na hauthibitishi lolote kuhusu mshono, kwa hiyo usiuache ukushawishi.

Matao nayo hayatoshi kuwa ushahidi, kwa sababu kuna njia ya tatu ambayo mafungu huachwa yakiwa na mikunjo yake, yakatobolewa mgongoni, kisha gundi ikapenyezwa ndani ya matundu hayo bila uzi wowote. Njia hiyo ni imara kuliko kukata karatasi moja moja, ila haifikii mshono. Ushahidi wa kweli ni uzi wenyewe. Fungua kitabu taratibu, pindua kurasa chache chache, na usimame pale kinapolala kwa urahisi zaidi kuliko kurasa za jirani, kwa maana hapo ndipo katikati ya fungu. Tazama ndani kabisa ya mkunjo. Ukiona vipande vya uzi mweupe vimejipanga kutoka juu hadi chini kama mishono ya upindo wa nguo, umekwisha kupata jibu. Usipouona, rudia kwenye fungu jingine, maana mara nyingine wino mweusi wa picha huuficha.

Pale ambapo gundi haiepukiki, aina yake ina maana kubwa. Gundi ya kawaida ya kuyeyushwa kwa joto hukauka kadiri miaka inavyopita, na katika baridi hukakamaa na kupasuka, ilhali gundi ya poliyurethani hubaki ikinyumbuka na hushika karatasi laini za kung'aa vizuri zaidi. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha, ila mara chache maelezo ya mchapishaji huitaja aina ya gundi, na safu ya poliyurethani inapokuwa nyembamba kitabu hufunguka bila kulia wala kukakamaa mgongoni.

Ukinunua kwa mbali bila kukishika kitabu, mwombe muuzaji akupigie picha ya kitabu kikiwa wazi katikati, kimelazwa mezani bila kushikwa na mkono. Picha hiyo moja inaeleza mengi kuliko maelezo yote ya tangazo, na muuzaji anayekijali kitabu chake hatasita kuipiga.

Picha zinazovuka kurasa mbili

Riwaya inaweza kumezwa kidogo na mgongo bila msomaji kupoteza neno, kwa sababu mchapaji huacha pambizo pana upande wa ndani. Katuni hazina nafasi hiyo. Matoleo ya kila mwezi ya Marekani, ambako mikusanyo mingi hutokea, ni vijitabu vyembamba vya kurasa 32 vilivyobanwa kwa pini katikati, na vijitabu hivyo hulala karibu wazi kabisa mezani. Mchoraji huchora akijua hivyo, akaitandaza picha moja juu ya kurasa mbili pasipo kuogopa. Hadithi hizo hizo zinapokusanywa kwenye juzuu nene ya gundi, sentimita moja au zaidi ya kila ukurasa huzama ndani ya bonde la katikati, na hamna namna ya kuitoa.

Ninayo juzuu ambayo ndani yake watu wawili wanaonana baada ya kutengana muda mrefu. Picha imetanda kwenye kurasa mbili. Mmoja amesimama kushoto, mwingine kulia, na katikati mkono mmoja unanyoosha barua ili mwingine uipokee. Katika kitabu changu mikono yote miwili inaishia kwenye kifundo, kisha inatumbukia. Barua, ambayo ndiyo kiini cha tukio, haionekani kabisa isipokuwa ukibane kitabu kwa viganja viwili mpaka mgongo ulie, na kila ukifanya hivyo unaisogeza karibu siku ambayo ukurasa huo utang'oka. Niliisoma hadithi ile mara ya kwanza bila kujua kwamba kulikuwa na barua. Nilipoliona toleo lililoshonwa, ambalo lilikuwa wazi na tambarare mezani, nilihuzunika kwa ajili ya mchoraji aliyetumia siku nyingi kuichora picha ambayo wasomaji kama mimi tuliipoteza.

Kwa hiyo kabla ya kuamua, jua kwanza kama hadithi unayoitaka ina picha nyingi za namna hiyo. Hadithi za mapigano na safari za angani huwa nazo tele. Hadithi za maisha ya kila siku, zinazokwenda kwa fremu ndogo zilizopangwa sawasawa, huwa nazo chache, na hizo huvumilia gundi vizuri. Unene nao uzingatiwe. Kitabu cha jalada laini chenye kurasa 120 hadi 150 hufunguka vya kutosha hata kama ni cha gundi, lakini kikizidi kurasa 300 hivi bonde huwa refu, na hapo ningeshauri ama utafute kilichoshonwa ama uchukue juzuu ndogo ndogo. Isitoshe, kagua viputo vya maneno vilivyo karibu na mgongo. Kiputo kilichokatwa nusu humkera msomaji kuliko picha iliyokatwa, kwa sababu kinamlazimisha kukisia maneno.

Wingi wa kurasa peke yake hauzuii jalada laini kuwa chaguo jema. Hadithi ndefu ya Bone ya Jeff Smith ilitolewa mwaka 2004 kwa juzuu moja ya jalada laini yenye kurasa zaidi ya 1,300, nyeusi na nyeupe, na watu wengi waliisoma hadithi nzima kwa mara ya kwanza kupitia kitabu hicho kizito. Jambo la kutazama ni jinsi kurasa hizo zilivyoshikwa na jinsi zilivyopangwa.

Karatasi nayo ina tabia zake. Nyuzi za karatasi huelekea upande mmoja, na mafundi wazuri huzipanga zielekee sambamba na mgongo, hivyo kurasa hupinduka kwa ulaini na kulala zenyewe. Zikipangwa kinyume, kila ukurasa husimama kama unataka kurudi, hata katika kitabu kilichoshonwa vizuri. Pindua kurasa kumi hivi kwa kidole kimoja na uone kama zinakaa ulipoziacha.

Unasomea wapi?

Ukubwa wa kawaida wa ukurasa wa katuni za Marekani ni takriban sentimita 17 kwa 26, na mikusanyo mingi ya jalada laini hufuata kipimo hicho. Matoleo ya kifahari ya jalada gumu hukuzwa hadi sentimita 18.5 kwa 28 hivi, na mengine hupita hapo. Ukuzaji huo una faida halisi pale picha zinapokuwa na vitu vingi vidogo. Watchmen, hadithi ya matoleo 12 yaliyotoka kati ya mwaka 1986 na 1987, imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kurasa zenye fremu tisa, na ndani ya fremu nyingi kuna maandishi ya ukutani, magazeti na saa ambazo msomaji anatakiwa azione. Toleo kubwa humsaidia sana. Hadithi iliyochorwa kwa mistari michache na nafasi nyingi tupu haipati chochote kwa kukuzwa, na anayeilipia ukubwa hununua karatasi.

Uzito ndio unaosahaulika zaidi. Zile juzuu kubwa zinazoitwa omnibasi, ambazo hukusanya matoleo 25 hadi 40 kwa pamoja na mara nyingi hupita kurasa 800, zinaweza kufika kilo tatu au kuzidi. Haziwezi kusomwa umejilaza, wala ndani ya chombo cha usafiri, wala kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kikombe. Zinahitaji meza, na ikiwezekana kiegemeo. Kabla hujainunua, chukua vitabu ulivyo navyo ambavyo kwa pamoja vinafikia uzito huo, vishike kwa muda unaotumia kusoma sura moja, kisha ujiulize kama utafanya hivyo kila jioni. Mimi husoma zaidi kitandani, na nimekubali baada ya kununua tatu kwamba aina hiyo hainifai, ijapokuwa nayaheshimu matengenezo yake. Jalada gumu la unene wa wastani, lenye matoleo 10 hadi 12, ndilo ninaloliona bora kwa kazi unayojua utairudia: linalala wazi, halichoshi mikono, na kwa kawaida hushonwa.

Mwanga unapoakisiwa na karatasi ya kung'aa, msomaji hulazimika kukigeuzageuza kitabu kila ukurasa. Jambo hili huwasumbua hasa wanaosoma chini ya taa. Kuna pia suala la rangi za katuni za zamani, ambazo zilikusudiwa karatasi ya gazeti iliyonyonya wino na kuufifisha. Rangi hizo hizo zikimwagwa juu ya karatasi nyeupe inayong'aa huwa kali kupita kiasi, na nyuso za watu zikaonekana kama zimepakwa rangi ya ukuta. Baadhi ya mikusanyo ya jalada laini hutumia karatasi isiyong'aa, na kwa hadithi za namna hiyo mimi huichagua hiyo hata kama ya jalada gumu inauzwa kwa bei nafuu.

Ikumbukwe kwamba swali hili halina uzito sawa kila mahali. Ufaransa na Ubelgiji albamu ya jalada gumu, ambayo kwa desturi huwa na kurasa 48, ndiyo sura ya kawaida ya katuni; ni nyembamba, imara, na hudumu hata mikononi mwa watoto. Japani juzuu ndogo ya jalada laini, yenye kurasa 200 hivi na karatasi ya kufunikia jalada, ndiyo inayokusanya sura za hadithi zilizokwisha kutoka kwenye majarida. Anayenunua kazi za nchi hizo kwa sura yake ya asili mara nyingi hana la kuchagua, na kwa maoni yangu hana haja ya kusikitika, kwa maana wachoraji wake walichora wakijua kitabu kitakuwa na umbo gani.

Unaponunua mfululizo mrefu

Chukua mfululizo wa matoleo 60 ya kila mwezi. Kwa jalada laini lenye matoleo 6 kila juzuu, utahitaji juzuu 10. Kwa jalada gumu lenye matoleo 12, utahitaji 5. Kwa omnibasi ya matoleo 30, mbili. Linganisha bei kwa kuigawanya kwa idadi ya matoleo yaliyomo, maana bei ya juzuu peke yake hudanganya. Mara nyingi utakuta jalada gumu la matoleo 12 linaikaribia bei ya majalada laini mawili, na wakati mwingine tofauti ni ndogo mno kuliko ulivyodhani.

Mara nyingine jalada gumu hutangulia kutoka, na jalada laini hufuata baada ya miezi kadhaa. Kinyume chake hutokea kwa mikusanyo mikubwa, ambayo huja baada ya juzuu ndogo kuonekana zinauzika. Matoleo ya jalada gumu huchapwa kwa idadi ndogo, na yakiisha sokoni huenda yasirudiwe kwa muda mrefu, huku juzuu za jalada laini za kazi zinazopendwa zikirudiwa mara kwa mara. Hata hivyo juzuu laini za kazi zisizouzika sana husitishwa katikati, na msomaji akabaki na nusu ya hadithi. Kwa hadithi usiyoijua, nunua juzuu ya kwanza ya jalada laini, uisome, uiache kwa muda. Ukijikuta unataka kuirudia, hapo ndipo jalada gumu linapostahili fedha yako, na ile laini utaikopesha marafiki bila wasiwasi.

Kosa linalowagharimu wengi ni kubadilisha aina ya toleo katikati ya mfululizo kwa kufuata namba ya juzuu. Juzuu ya 3 ya jalada laini huenda ikawa na matoleo ya 13 hadi 18, wakati juzuu ya 2 ya jalada gumu ina ya 13 hadi 24. Anayetoka juzuu ya 3 laini akanunua juzuu ya 3 ngumu ataruka matoleo sita bila kujua. Angalia daima namba za matoleo zilizomo, ambazo huchapishwa kwenye ukurasa wa haki za uchapishaji au nyuma ya jalada. Vilevile kila umbo la kitabu, gumu au laini, lina namba yake ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, yenye tarakimu 13 tangu mwaka 2007, kwa hiyo unapoagiza tumia namba hiyo badala ya jina, kwani jina ni moja kwa toleo gumu na laini.

Kuhusu nyongeza, yaani michoro ya awali, majalada mbadala na maelezo ya waandishi, mara nyingi huwekwa kwenye jalada gumu pekee. Kwa anayejifunza kuchora zina thamani kubwa sana. Kwa msomaji wa kawaida huangaliwa mara moja.

Kitabu kikishafika

Jalada gumu lisimamishwe wima kwenye rafu, likiegemezwa na vitabu vya kimo kinacholingana, kwa sababu likiinama upande mmoja mgongo hupinda na kubaki hivyo. Juzuu nzito kupita kiasi ni afadhali zilazwe, maana zikisimama uzito wa karatasi huvuta kuelekea chini na kuzitenganisha na jalada. Majalada laini yasibanwe sana wala yasiachwe yakilegea. Jua hufifisha migongo ya aina zote, na unyevu hukunja karatasi na kuleta ukungu. Weka rafu mbali na dirisha na mbali na ukuta wenye unyevunyevu.

Siku unayokipokea, kabla hujaanza kusoma, pitia kurasa zote kutoka mwanzo hadi mwisho. Mafungu huweza kuingizwa mara mbili, kurukwa au kuwekwa juu chini, na kasoro hiyo hutokea hata kwenye vitabu vya bei ya juu. Ukiigundua baada ya miezi sita muuzaji hatakuwa na sababu ya kukubadilishia. Kisha kifungue kwa utaratibu. Simamisha mgongo wa kitabu juu ya meza ukishikilia karatasi zote wima, laza jalada la mbele, kisha laza la nyuma. Chukua kurasa chache za mwanzo uzilaze na kuzipapasa kwa kidole karibu na mkunjo, ufanye vivyo hivyo na kurasa chache za mwisho, ukienda hivyo kwa zamu, mbele na nyuma, mpaka mikono ikutane katikati. Kwa jalada laini fanya polepole zaidi, na ukihisi mgongo unakakamaa, acha, ukifunge, na uendelee kesho yake.